Vifaranga Chini ya Mto wa Mama Mkwe

Njombe mwezi wa saba baridi haipigi hodi. Mji umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai unaweza kukuta umande umeganda juu ya majani ya viazi. Watu wanasalimiana "kamwene" huku mikono ikiwa imezama makwapani. Maji ya kunawa yanauma. Mtu akikuambia anakwenda kuoga asubuhi, unamuuliza ana kesi gani.

Mwezi huohuo ndio mfugaji wa Njombe anaotakiwa kununua vifaranga. Hesabu yake haina ujanja: kuku chotara anahitaji miezi minne, mitano hivi kufikia uzito wa kumfurahisha mteja, na mteja wa kuku anafurahi zaidi Desemba. Ukitaka kuuza Krismasi, nunua Julai au Agosti. Ukisubiri jua la Oktoba, kuku wako watakomaa wakati watu wanatafuta ada za shule, na hapo hata jogoo wa kilo tatu haulizwi bei.

Kwa hiyo nikanunua Julai. Chotara wanaotamba siku hizi ni Kuroiler, mwenye asili ya India, na Sasso, mwenye asili ya Ufaransa. Wote wawili wamekuja na sifa ya kukua haraka na kuvumilia maisha ya uani, na hakuna aliyewauliza kama wanaijua Njombe. Wangu walisafiri kwa basi ndani ya boksi lenye matundu. Boksi la kawaida lina vyumba vinne, kila chumba vifaranga 25. Mimi nilichukua chumba kimoja. Vitatu vilichukuliwa na mwalimu mwenzangu mwenye banda, balbu na moyo.

Watu hushangaa kifaranga wa siku moja anavyosafiri mchana kutwa bila kula. Siri yake ni kwamba siku ya mwisho ndani ya yai huvuta kiini kilichobaki kikaingia tumboni mwake, na akiba hiyo inaweza kumshikilia siku mbili, tatu. Ndiye abiria pekee wa basi lile ambaye hakushuka Makambako kununua chipsi mayai, na kwa upande wake ni heri.

Akiba ya chakula anayo, akiba ya joto hana. Amevikwa malaika tu, yale manyoya laini ya kupigia picha, na hayazuii chochote. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unampunguzia nyuzi tatu hivi kila wiki mpaka aote manyoya ya kweli. Usiku wa Julai Njombe inakupa nyuzi chini ya kumi, na hizo unazigombania na familia.

Njia za kuwapasha joto ziko nyingi. Wengi hapa mjini wanatumia jiko la mkaa, na wengine wanautia mkaa kwenye chungu. Bwana mifugo wetu hapendi kusikia habari hiyo kwa watu wanaolea vifaranga ndani ya nyumba. Anasema mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo haimbagui kifaranga na anayemlinda. Balbu nyekundu ya wati 250 ni nzuri, lakini ukiiwasha saa 24 inakula uniti sita kwa siku. Kwetu Luku ina mlinzi. Mke wangu akiitazama mita asubuhi anakuambia nani alichemsha maji ya kuoga, na kwamba aliyachemsha yakabaki. Nilipotaja uniti sita hakunijibu. Alinyanyuka, akazima taa ya sebuleni, tukabaki tunasikilizana gizani.

Ndipo likaja wazo la mto wa mama mkwe.

Mto wenyewe ni wa kupasha mwili joto. Kwa umbo ni kitambaa kinene cha mstatili, ndani una nyaya, na mwisho wa waya kuna swichi ndogo yenye namba moja hadi tatu. Shemeji yangu anayeuguza wagonjwa huko Uingereza alimletea mama yake kwa ajili ya kiuno. Plagi ina pini bapa tatu, zinaingia kwenye soketi zetu bila kuomba ruhusa, na umeme wa kwao na wa kwetu nguvu zake zinalingana. Unakula wati 50 hivi. Ukiuwasha usiku na mchana haufikishi hata uniti moja na nusu. Nilimpigia mke wangu hesabu hiyo kwenye karatasi, akairudia mwenyewe kwenye simu, kisha akawasha taa.

Ufugaji wa namna hii upo, na mantiki yake ni safi. Unakunja wavu wa chuma ukawa pango dogo, unautandika mto juu yake, unaufunika kwa taulo. Chumba kinabaki na baridi yake, lakini kifaranga akiingia pangoni anapata joto mgongoni, sawasawa na anavyolipata akiingia chini ya mama yake. Anayeona baridi anaingia, aliyeshiba joto anatoka kula. Usiku kunakuwa giza, na vifaranga wanalala. Chini ya balbu wanakesha wakila na kudonoana.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya mwenye mto. Mama mkwe alikuwa amekuja kwetu kutibiwa kiuno hichohicho. Kwa adabu tulizolelewa nazo, mkwe haingii katika mazungumzo ya kiuno cha mama mkwe, achilia mbali kukiombea kifaa chake. Ombi langu lilipita kwa mke wangu, likarudi na swali, likapita tena kwa mjukuu, na jibu likatoka likiwa limeelekezwa kwa paka: "Paka wewe, mwambie baba yako kwamba mto ni wa mtoto wangu, na mtoto wangu ni wake. Ila kiuno nacho kina haki yake mchana."

Tukakubaliana: mchana jua likitoka, mto unakwenda kwa bibi kwa muda, na vifaranga wanawekwa barazani kwenye jua, kwenye kona isiyopata upepo. Usiku mto ni wa vifaranga. Sijawahi kuona mkataba ulioandikwa vizuri kuliko ule, nao haukuandikwa.

Bruda, yaani kizimba cha kulelea vifaranga, ilijengwa sebuleni, kwa sababu ndiko kwenye soketi inayoaminika. Maranda hapa kwetu si ya kutafuta. Kila penye mashine ya kuchana mbao kuna kilima chake. Fundi alinikunjia wavu, upande mmoja ukiwa juu kidogo na mwingine chini, ili kila kifaranga achague kimo kinachomgusa mgongo. Mto niliuvika nailoni kuuepusha na yatakayotoka kwa wageni wetu. Nikiwa kwenye kuuvika ndipo nilipouona mchoro kwenye lebo: mtoto mchanga aliyekatwa kwa mstari, na maelezo kwamba kifaa hiki ni marufuku kwa watoto walio chini ya miaka mitatu. Vifaranga wangu walikuwa na siku moja. Mke wangu akasema sheria hiyo ni ya Uingereza.

Tuliwachovya midomo kwenye maji yenye glukosi mmoja mmoja, ili wajue maji ni nini, kisha nikawasukuma pangoni. Walichelewa kuelewa kwa muda wa kupiga chafya. Kelele zikashuka, zikawa mnong'ono, na ule mnong'ono ukawa mtetemo laini wa koo. Mfugaji anajifunza haraka sauti mbili. Kifaranga mwenye raha anatetemesha koo polepole. Mwenye baridi analia kwa ukali, mlio juu ya mlio, na hapumziki mpaka mtu mzima ajione ana hatia. Chini ya pindo la taulo vilichungulia vichwa vitatu, macho yakisinzia, na kimoja kilikuwa bado na ganda dogo la yai limenata utosini. Familia nzima ilipiga magoti kwenye zulia. Hata mama mkwe alisogeza kiti.

Tukaenda kulala tukiwa watu wenye furaha. Baada ya dakika 90, mto ukajizima.

Haukuharibika. Ndivyo ulivyoumbwa. Mito hii imetengenezewa binadamu, na binadamu anaweza kusinzia juu yake akaungua. Kwa hiyo waliotengeneza wakaweka saa ndani, ikifika dakika 90 kila kitu kimya. Kwa kiuno ni jambo la busara sana. Kwa vifaranga 25 katika usiku wa Julai ni hukumu. Na kuna mito ambayo ukibonyeza swichi kwa namna fulani inakubali kukesha. Wetu ulikuwa wa wale wanaojua zaidi kuliko mwenye nyumba.

Kelele zilizotuamsha ziliamsha pia mbwa wa nyumba ya pili. Vifaranga walikuwa wamerundikana kona moja, wa juu wakiwakanyaga wa chini, na hapo ndipo wafugaji wengi wanapopoteza vifaranga: wanaokufa mara nyingi hawafi kwa baridi yenyewe, wanakufa kwa kukosa pumzi chini ya wenzao wanaoikimbia. Nikauzima mto, nikauwasha, nikawatawanya kwa mkono, nikarudi kitandani. Baada ya dakika 90 tukakutana tena.

Asubuhi ikabandikwa ratiba ya zamu kwenye mlango wa friji. Mke wangu alichukua za mapema, kabla ya usingizi kukolea. Kijana wetu wa kidato cha pili alichukua moja, kwa sharti kwamba asiulizwe habari za hisabati muhula huo. Mimi, kwa kuwa ndiye mwenye mradi, nilipewa zile za usiku wa manane, ambazo hata walinzi wa benki huwa wanazisinzilia. Mtu anayeamshwa kila saa moja na nusu anaanza kuishi katika ulimwengu wa pembeni. Darasani nilimwita mwanafunzi "kifaranga," akaitika.

Majirani nao wana macho. Siku chache baadaye jirani yetu mmoja akaja asubuhi na chupa ya uji chini ya kitenge.

"Poleni, dada. Tunaona taa inawaka na kuzimwa usiku kucha. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Tunashukuru, dada yangu," mke wangu akajibu, naye usingizi ulikuwa haujamtoka vizuri. "Ni watoto, baridi inawasumbua."

"Maskini! Wangapi?"

"Ishirini na watano."

Jirani aliangalia nyumba yetu ya vyumba vitatu, akaangalia chupa yake ya uji, akaiona ilivyo ndogo. Uji tuliunywa sisi wauguzi.

Sasa niwaeleze jambo ambalo vitabu vya ufugaji vinalipita haraka. Kifaranga hajui kulala kwa staha. Anakula, anatembea, na katikati ya hatua usingizi unamchukua. Miguu inaachia, mabawa yanatawanyika, shingo inanyooka juu ya maranda, mdomo unazama kwenye vumbi, na hapo amelala kama mlevi wa ulanzi njiani. Binti yetu wa darasa la nne alimkuta mmoja katika hali hiyo akapiga yowe. Bibi akatoa sala fupi. Kijana akatoka na jembe, akaanza kuchimba nyuma ya jiko. Nilimwinua marehemu kwa vidole viwili, kichwa kikaning'inia, nikamweka juu ya karatasi. Tulikuwa bado tunajadili kama chanzo ni chakula au maji, marehemu akafumbua jicho moja, akatutazama sote kwa zamu, akatoa kinyesi juu ya karatasi na kwenda zake kula. Shimo lile baadaye lilipandwa figili.

Baada ya hapo nikajifunza kuwaacha waliolala walale. Ila kuna walioamka na bado wana shida. Kifaranga aliyepigwa na baridi au msukosuko wa safari kinyesi chake hunata, kikaganda nje na kuziba njia. Asiposafishwa anavimba na kufa. Dawa yake ni maji ya vuguvugu, pamba na subira. Ukivuta kikiwa kikavu unaondoka na ngozi. Nilikuwa barazani na beseni, kifaranga kiganjani, sehemu husika ikiangalia mbinguni, pale mzee wa kanisa alipoingia na daftari la michango ya ujenzi.

"Bwana asifiwe, Mwalimu."

"Amina, Mzee. Karibu sana. Samahani kwa mkono."

Akasimama. Akaangalia maji, akamwangalia kifaranga.

"Huyo unambatiza?"

"Hapana, Mzee. Namchambisha."

Alikaa kimya kwa muda wa kutosha mtu kutafakari habari za uumbaji. Kisha akafunga daftari taratibu, akasema kanisa litapita tena nikiwa nimepumzika. Katika maisha yangu ya ushirika haijapata kutokea mchango ukaahirishwa na upande wa pili.

Jioni moja umeme ukakatika. Hapo mto na balbu vikawa sawa, na mwalimu mwenzangu mwenye banda akaanza kunipigia simu kuuliza mimi nafanyaje. Tulifanya kilichojulikana kabla ya nyaya: tulichemsha maji, tukayajaza kwenye chupa za plastiki, tukazivika soksi ili zisiwaunguze, tukazilaza pangoni. Vifaranga wakazikumbatia kwa mapenzi ambayo mto haukuwahi kuyapata. Tatizo ni kwamba chupa nazo hupoa, na kila chupa inataka soksi kavu. Nyumba nzima ilivuliwa. Umeme uliporudi alfajiri hakukuwa na soksi mbili zinazofanana zisizo na kinyesi, na kijana wetu akaenda shule na moja ya kwake na moja ya bibi yake.

Bibi mwenyewe hakulalamika. Kadiri siku zilivyokwenda alizidi kuhamia sebuleni, na kiti chake kikawa kando ya bruda kwa kudumu. Mto ulikuwa ukienda na kurudi kati ya kiuno chake na pango, kwa hiyo vifaranga walianza kunukia dawa ya kuchua. Alikuwa akizungumza nao mchana kutwa, na humo ndimo ujumbe wangu ulimokuwa. "Watoto wangu, mama yenu angekuwa hapa angewafundisha kuparua. Baba yenu hana kucha." Au: "Kuleni, kuleni. Baba yenu amekopa chakula chenu SACCOS, msimwaibishe."

Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, alionyesha jinsi vitoto vya bata bukini wanavyomshika kama mama yule wanayemwona wakitembea naye mara tu baada ya kuanguliwa. Vifaranga wa kuku nao wana tabia hiyo. Mimi niliyewalipia nauli, niliyewachambisha, niliyekesha, nilikuwa nikipita hawageuki. Bibi akinyanyuka kwenda nje, ukuta mzima wa bruda ulikuwa unagongwa na vifua.

Wakafikia siku saba, siku ya chanjo ya kwanza ya kideri. Ugonjwa huu ukiingia kwenye kuku wasiochanjwa unaweza kuwafagia karibu wote, na vitabu vya mifugo vinauita Newcastle, jina la mji wa Uingereza. Kijana alipomweleza bibi yake jambo hilo, bibi akauangalia mto kwa jicho jipya. "Kumbe nchi moja inatoa dawa ya kiuno na kifo cha kuku." Tunachoshukuru ni kwamba chanjo ya kideri inayostahimili joto inatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha, na inatolewa tone moja jichoni. Shida ni moja: chupa ya chanjo haiuzwi kwa hesabu ya kuku 25. Inabeba dozi za kuku wengi, na ikifunguliwa haingoji kesho. Nikawaambia majirani watatu walete kuku wao ili dozi zisipotee. Walikuja majirani ambao sikujua kama ni majirani. Uani kukawa na majogoo waliofungwa miguu, mitetea kwenye matenga, bata mmoja aliyeletwa kwa matumaini, na yule mama wa uji akiwa na kuku wake wawili na swali: "Wale watoto walipona?" Nilikuwa nashika kichwa, kijana anadondosha tone, na mzee wa kanisa, ambaye naye alileta jogoo, akawa anaandika majina kwenye daftari lake la michango. Siku ya 14 tulirudia kwa chanjo ya Gumboro, iliyopewa jina la kijiji cha Delaware huko Marekani ambako ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1962. Safari hii chanjo ilitiwa kwenye maji ya kunywa, na sikumwambia mtu.

Mto wa aina hii una wema mmoja ambao lazima niutaje kwa haki. Vifaranga wanajihitimisha wenyewe. Wavu unaupandisha kidogo kidogo wanavyokua, swichi unaishusha kutoka tatu hadi moja, na kwa kuwa hawakuzoeshwa chumba cha moto, manyoya yanawahi na baridi wanaizoea mapema. Walipofika wiki ya tatu, wanne, watano tu ndio walikuwa wakilala chini. Waliobaki walilala juu yake. Waligundua kwamba paa la pango nalo lina joto, na kwamba kutoka paani mtu anaweza kuruka hadi kwenye ukingo wa bruda, kutoka ukingoni hadi kwenye kochi, na kutoka kwenye kochi hadi juu ya televisheni. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikawa inasomwa na mtangazaji mwenye kuku kichwani. Vumbi lao, mchanganyiko wa maranda, chakula na magamba ya manyoya, lilitua juu ya kila kitu tulichomiliki, ikiwemo picha yetu ya harusi. Mke wangu akatoa tangazo: ama wao, ama yeye na mita yake.

Wakahamia bandani. Katika wale 25, tuliowapoteza walikuwa wawili, na bwana mifugo akasema kwa Julai ya Njombe hiyo ni shahada. Nikauvua mto nailoni, nikafua taulo, nikaufuta mto kwa kitambaa chenye sabuni, nikauanika, nikamkabidhi mke wangu amrudishie mwenyewe kwa shukrani zangu zote.

Ulirudi baada ya dakika mbili. Mama mkwe alikuwa ameunusa mara moja tu. Jibu lake lilipitia kwa paka: "Mwambie baba yako huo sasa ni wa kuku. Kiuno changu nitakikanda kwa maji ya moto, na shemeji yake ataletewa orodha." Mto mpya nimeugharamia mimi, pamoja na usafirishaji kutoka Uingereza. Ukiuweka kwenye hesabu ya mradi, faida ya Krismasi inabaki kuku mmoja, naye tulimla.

Lakini bibi hakuondoka hivihivi. Aliporudi kijijini alituma kwa basi tetea wake wa kienyeji, mfupi, mwenye hasira, aliyekuwa amekalia mayai na kukataa kuondoka. Alituma na maelekezo. Nilipoletewa vifaranga wachache wengine, usiku wakati tetea amelala niliwapenyeza chini yake mmoja mmoja, mkono ukipita taratibu kwenye giza. Asubuhi aliwakuta, akawahesabu kwa namna yake, akawakubali wote. Joto la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hivi. Halina swichi, halina uniti, na halizimiki baada ya dakika 90. Tena anawafundisha kuparua, anawakinga na mwewe, anajua nani ameachwa nyuma, na mshahara wake ni konzi ya mahindi. Wahenga walikwishasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kuku amekuwa akifanya kazi zote mbili, na hajawahi kubandika ratiba kwenye friji.

Kwa hiyo, msomaji unayefikiria kuanza: ukiwa na vifaranga mia tatu, jenga banda, nunua kifaa cha kweli cha kulelea, weka na akiba ya siku ya giza. Ukiwa na vifaranga kumi au kumi na wawili, tafuta tetea anayelalia, umheshimu. Ukilazimika kutumia mto wa umeme, hakikisha kwanza haujizimi, usiuache bila mtu wa kuuangalia, na uwe wako mwenyewe. Ikibidi kuazima, azima kwa mtu yeyote mjini, ila si kwa mama mkwe.